Ratiba ya kulisha sato bwawani, na lini unaweza kuruka siku bila kuwadumaza

Maswali ninayopigiwa simu ni yale yale kila wiki. Nilishe mara ngapi kwa siku? Nikisafiri siku mbili watadumaa? Chakula kimepanda bei, naweza kuwapa nusu nusu mpaka nipate hela? Nimeona niyaandike yote sehemu moja ili mtu anayeanza asome mwenyewe hatua kwa hatua, maana majibu ya simu unasikia tu leo, kesho ukiwa pembeni ya bwawa umeshasahau.

Ninaongelea sato, yani tilapia wa Nile, kwenye bwawa la udongo, kama tunavyofuga wengi huku Morogoro. Kambale na sato wa vizimba (wanaofugwa ndani ya nyavu ziwani) nitawagusa mwishoni maana sheria zao ni tofauti, usije ukachukua ya sato ukaipeleka kwa kambale utalia.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Mizani ya kupima ndoo (ya kuning'iniza ya kilo 10 au 20 inatosha) na ndogo ya jikoni ya gramu kwa ajili ya vifaranga
- Wavu wa kukokota, au hata wa kurusha kama unaujua
- Ndoo mbili, moja toboa matundu chini ili maji yachuje
- Daftari na kalamu. Simu sawa, ila simu ikizima chaji au ikiibiwa, kumbukumbu za msimu wako zimeondoka nayo
- Fremu ya kulishia: bomba la plastiki la inchi moja, unaliunganisha duara au mraba wa mita 1 hadi 2, linaelea juu ya maji, chakula kinabaki humo hakisambai na upepo
- Kipimajoto cha maji kama unaweza kukipata, sio ghali
- Chakula kinachoelea. Cha kuzama kinalisha samaki vizuri tu, ila wewe unayeanza huoni wamekula au kimeoza chini, na ratiba nzima inategemea kuona

Chakula kiwekwe juu ya mbao, kisiguse sakafu wala ukuta, kisinyeshewe. Kikivunda au kikitoa ukungu usiwape, sumukuvu inaharibu ini la samaki na utabaki kuilaumu ratiba wakati ratiba haina kosa.

Jambo moja la kuelewa kwanza

Sato ana tumbo dogo na utumbo mrefu sana, mara kadhaa ya urefu wa mwili wake, ameumbwa kuchunga kidogo kidogo mchana kutwa. Ndo maana mlo mmoja mkubwa kwa siku haumfai, nusu inaliwa nusu inazama. La pili, chakula anachokula kinaanza kuendesha mwili, kupumua na kuogelea, ukuaji ni kile kinachobaki juu ya hapo. Ukimpa kidogo sana yuko hai, anatembea, anakula kwa fujo ukifika, lakini gramu haziongezeki na wewe hela imetoka. Hapo ndo panapowaumiza wengi: wanaona samaki hawafi wanadhani mambo yanaenda.

Hatua ya 1: Jua una kilo ngapi za samaki bwawani

Usilishe kwa kopo. "Natia makopo mawili asubuhi mawili jioni" sio ratiba, maana samaki wa mwezi wa pili sio wa mwezi wa nne.

Asubuhi kabla hujalisha kokota wavu, toa samaki 40 hivi bila kuchagua (usichukue wakubwa tu ukafurahisha nafsi), weka kwenye ndoo yenye matundu, pima, toa uzito wa ndoo. Mfano una bwawa la mita za mraba 300 ulipanda vifaranga 900. Waliokufa umeandika ni 50, wamebaki 850. Samaki 40 wamepima kilo 2.4, kwa hiyo mmoja ni gramu 60. Mara 850 unapata kilo 51. Hiyo kilo 51 ndo msingi wa kila kitu kinachofuata.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya chakula cha siku

Viwango ninavyotumia maji yakiwa ya joto, nyuzi 26 hadi 30:

- Chini ya gramu 5: asilimia 10 hadi 15 ya uzito, mara 5 au 6 kwa siku, chakula cha unga chenye protini asilimia 40 kwenda juu
- Gramu 5 hadi 20: asilimia 6 hadi 8, mara 4, protini 35
- Gramu 20 hadi 100: asilimia 4 hadi 5, mara 3, protini 30 na kidogo
- Gramu 100 hadi 250: asilimia 2.5 hadi 3, mara 2, protini 28 hadi 30
- Zaidi ya gramu 250: asilimia 1.5 hadi 2, mara 2

Mfano wetu, kilo 51 mara asilimia 4 ni kilo 2 na kidogo kwa siku, gawa mara tatu unapata kama gramu 680 kwa mlo. Pima siku ya kwanza kwa mizani halafu weka alama kwenye kopo lako, siku zinazofuata unajaza mpaka kwenye alama.

Hivi viwango ni mahali pa kuanzia, sio amri. Macho yako yana kauli ya mwisho, tutafika hatua ya 4.

Hatua ya 3: Panga saa, usizibadilishe

Mlo wa kwanza usiwe kabla ya saa tatu asubuhi. Najua watu wanaamka saa kumi na mbili wanataka kulisha waende kazini, lakini alfajiri ndo oksijeni inakuwa chini kuliko muda wote, maana usiku kucha mimea ya majini na samaki wote wamekuwa wakiivuta na jua halipo la kutengeneza nyingine. Samaki akishakula anahitaji oksijeni zaidi ili kusaga, kwa hiyo unamtwisha mzigo saa ambayo anahema kwa shida.

Milo mitatu: saa tatu na nusu, saa saba, saa kumi. Milo miwili: saa nne na saa kumi. Wa mwisho uishe kabla jua halijapoa. Saa zile zile, sehemu ile ile, ikiwezekana mtu yule yule, baada ya wiki moja utawakuta wanakusubiri kwenye fremu kabla hujafungua ndoo.

Hatua ya 4: Lisha kwa macho

Mwaga konzi moja ndani ya fremu, subiri. Samaki wenye hamu wanapiga maji kama mvua ya kwanza inavyogonga bati, unasikia kabla hujaona. Endelea konzi kwa konzi. Ule mlio ukianza kupungua, wakawa wanakuja mmoja mmoja, anachukua punje anaitema anaichukua tena, acha hapo hapo hata kama kwenye kopo kimebaki. Mlo mzima usizidi dakika 10 hadi 15. Unawaacha na hamu kidogo, sio wameshiba mpaka wanaupa mgongo mkono wako.

Kosa kubwa la hapa ni huruma. Mtu anaona bado wanazunguka anaongeza, wakishiba kabisa wanakipitisha chakula tumboni kabla hakijasagwa vizuri, na kinachobaki kinageuka amonia, sumu kwa samaki.

Hatua ya 5: Andika

Tarehe, kiasi, saa, hali ya hewa, wamekula vipi, waliokufa. Mistari miwili tu kwa siku, ila usiruke.

Hatua ya 6: Kila wiki mbili pima upya

Rudia hatua ya 1. Tuseme baada ya siku 14 wamefika gramu 80, kilo zimekuwa 68, ongezeko ni 17. Daftari linasema umetumia kilo 28.5 za chakula. Gawa 28.5 kwa 17 unapata karibu 1.7, yani kila kilo ya samaki imekula kilo 1.7 za chakula. Ukiwa kati ya 1.4 na 1.8 uko pazuri. Ikipita 2 kuna chakula kinapotea mahali, tafuta kabla hujanunua mfuko mwingine, maana chakula ni zaidi ya nusu ya gharama zako zote za ufugaji.

Halafu ongeza chakula kulingana na uzito mpya. Wengi wanaendelea na kiasi cha mwezi uliopita, samaki wamekua, chakula kimebaki pale pale, na huko ni kuwanyima bila kujua.

Hatua ya 7: Kuruka siku kwa mpango

Hapa nitakaa kidogo maana ndo swali lenyewe.

Samaki aliyekaa na njaa muda mfupi akirudishiwa chakula anakula zaidi ya kawaida yake na anakua haraka kuliko wenzake kwa muda, kama mtu aliyetoka kuugua. Wataalamu wanaita ukuaji wa kufidia. Jaribio lililochapishwa mwaka 2000 kwa tilapia wa mahuluti (chotara) lilionyesha waliofungishwa wiki 1 waliwafikia wenzao uzito baada ya kurudishiwa chakula, waliofungishwa wiki 2 na wiki 4 walikula kwa bidii pia lakini hawakuwafikia. Na cha muhimu zaidi, walifidia kwa kula zaidi, sio kwa kukitumia chakula vizuri kuliko wengine. Maana yake wazi: samaki hatengenezi nyama kwa hewa, ulichomnyima leo atakidai kesho.

Sasa akiba inatoka wapi? Inatoka bwawani kwenyewe. Kwenye bwawa lililorutubishwa, maji ya kijani, siku usiyolisha sato anachunga mwani na vijidudu, chakula cha bure. Ufilipino walijaribu kulisha sato siku moja wakiruka siku moja kwenye mabwawa ya aina hiyo, matokeo yakachapishwa 2006: chakula kilipungua karibu nusu na mavuno hayakushuka kwa kiasi cha kujali. Thailand nao, 1996, walikuta inalipa kuwaacha na mbolea tu mpaka wafike kama gramu 100 ndo uanze kulisha. Yote hayo ni mabwawa ya kijani, wadau, sio tenki la plastiki na sio maji meupe unayoona mpaka chini.

Kwa hiyo kabla hujaruka hata siku moja:

Zamisha mkono ulionyooka. Maji yakifika kwenye kiwiko vidole visionekane, kijani ipo ya kutosha. Ukiviona vizuri maji ni maskini, weka mbolea kwanza (samadi iliyokauka au ya kuku, kwenye kiroba kilichotobolewa, sio kumwaga ovyo) na usiruke siku yoyote. Vidole vikipotea maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono, kijani imezidi, hapo tatizo ni oksijeni na mbolea isimame.

Samaki wawe wamepita gramu 50, mimi napenda wafike 100. Vifaranga usiwarukishe, hawana akiba mwilini, na wale wanaolishwa chakula chenye dawa ya kuwafanya madume wakiruka milo unakuja kupata majike bwawani. Wawe wamepishana kidogo tu kwa ukubwa. Na wasiwe wamebanana, samaki 2 au 3 kwa mita ya mraba sawa, ukiwa na 6 chakula cha asili hakiwatoshi.

Masharti yakitimia anza na siku moja kwa wiki, fanya hivyo mwezi, pima. Ukuaji ukibaki vizuri nenda siku mbili kwa wiki zisizofuatana. Siku moja ndiyo moja hapana iwe ya mwisho, kwa anayepima kila wiki mbili bila kukosa.

Siku ya kulisha unatoa kiwango cha kawaida cha siku hiyo. Usiweke cha siku mbili ati kufidia jana. Sato tumbo lake ni lile lile dogo, kinachozidi kinaenda chini.

Na kuhusu nusu nusu kila siku, kama hela imebana kweli mimi naona bora mlo kamili uruke siku. Ukimwaga nusu, wakubwa wanaizingira fremu wanamaliza, wadogo wanabaki nje, baada ya miezi miwili una wa gramu 200 na wa gramu 60 bwawa moja. Mlo kamili unafika hadi kwa mdogo.

Mimi hili nililipia. Bwawa langu la kwanza, mwezi wa ada za shule, nikasema wakae wiki tatu watakula majani. Maji yalikuwa meupe, unaona hadi matope. Nilipoanza kulisha tena walikula vizuri sana hadi nikatulia, lakini mwezi wa saba nimevuna wastani wa gramu 140, vichwa vikubwa miili myembamba, na bwawa limejaa vitoto, maana sato akiona maisha magumu anawahi kuzaa akiwa bado mdogo badala ya kukua. Nusu ya wavu ilikuwa vifaranga visivyouzika. Mama watoto alikaa kimya pembeni ya bwawa, na kimya chake ndo kilinifanya ninunue mizani.

Hatua ya 8: Kurudisha chakula

Kama walikosa zaidi ya siku mbili (ulisafiri, chakula kilichelewa), siku ya kwanza wape kama theluthi mbili ya kiwango, gawa milo mitatu midogo. Siku ya pili kiwango kamili. Kuanzia hapo utaona hamu imepanda, wape kidogo juu ya kiwango kama wanamaliza ndani ya dakika 10, hali hii inadumu wiki moja au mbili halafu hamu inarudi kawaida na wewe rudi kwenye hesabu. Onyo: usiku wa siku uliyowajaza ghafla ndo unaamkia samaki wanaelea.

Hatua ya 9: Siku ambazo lazima usilishe

Siku ya kupima, asubuhi usilishe mpaka umemaliza na wametulia. Kabla ya kuvuna, saa 24 bila chakula, tumbo tupu linachelewa kuharibika sokoni. Vifaranga wa kusafirisha saa 24 pia, la sivyo wanachafua maji ya mfuko njiani. Ukiwakuta asubuhi midomo juu wanahema, usilishe, ongeza maji mapya. Mawingu mazito siku nzima, punguza nusu au acha.

Na baridi. Juni na Julai, hasa Njombe, Iringa, Mbeya, Arusha, maji yakishuka chini ya nyuzi 22 usagaji unapungua, toa nusu, mlo mmoja saa saba au saa nane jua likiwa juu. Chini ya nyuzi 18 weka kidogo sana ukiangalia kama wanagusa, wasipogusa acha. Huko sio kuwanyima, wenyewe hawana hamu.

Wa vizimba na kambale

Vizimba ziwani na matenki: samaki wamebanana na chakula cha asili ni kidogo, ruka siku unapunguza mavuno moja kwa moja. Huko akiba itafute kwenye kuzuia chakula kisitoke nje ya wavu.

Kambale ana tumbo kubwa, anakula mlo mkubwa, na anapenda jioni na usiku. Lakini kambale mwenye njaa anakula mwenzake. Akiwa mdogo usimkoseshe hata siku moja, na watenge kwa ukubwa kila wiki mbili tatu. Ukihesabu 1,000 ukavuna 400 bila kuona mzoga hata mmoja, wako kwenye matumbo ya ndugu zao.

Ukikwama

*Wanakula sana, hawakui.* Hesabu yako ya idadi sio sahihi (wapo wengi zaidi, wamezaana), au maji ni baridi, au chakula kina protini kidogo. Pumba peke yake haikuzi samaki, inahitaji mashudu na dagaa au soya.

*Chakula kinabaki kila siku.* Idadi imepungua bila wewe kujua. Angalia mnandi, kenge na fisi maji, angalia pia nyayo za watu pembeni ya bwawa. Kama idadi iko sawa, angalia oksijeni na joto.

*Wanapishana sana ukubwa.* Fremu ni ndogo au moja tu. Weka mbili pande tofauti, mwaga kwa pamoja, na tenga wakubwa ukipima.

*Kichwa kikubwa, mgongo umeingia.* Njaa ya muda mrefu. Acha kuruka siku, lisha kiwango kamili mwezi mzima, pima. Waliokaa hivyo miezi usiwasubiri wafike nusu kilo, uza wanavyouzika upande upya.

*Kinyesi.* Hiki wengi hawaangalii. Kinyesi cha sato kinaning'inia kama uzi. Kikiwa cha kijani anachunga bwawani, kikiwa cha kahawia ni chakula chako, kikiwa cheupe na kinateleza ameshinda na njaa au anaumwa. Siku ya kuruka, mvue mmoja jioni umtazame: uzi ukiwa wa kijani, ratiba yako inafanya kazi. Ukiwa hakuna kitu au ni mweupe, kesho lisha na anza kushughulika na mbolea.